Nyar Kisegi, Anayewaita Watu Mlimani Maji ya Bwawa Yakifunguliwa

Saa nne asubuhi, Jumamosi, na jua limeshaanza kuuma mtaani Kona Mbuta, kando ya Mto Migori. Risper Ajwang' ameinama juu ya karai la mafuta, anageuza mgongo wazi kwa kijiko kirefu cha chuma.

Mgongo wazi ni kile kinachobaki kwa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Kona Mbuta hakuna anayelalamika. Kikikaangwa na mtu anayejua, unatafuna mpaka mfupa.

Simu inayoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu inalia. Anaipokea kwa mkono usio na mafuta.

"Mama, tumefungua," inasema sauti ya kijana wa kiume. "Milango miwili. Bosi anasema huenda na wa tatu."

"Mmefungua saa hii, ama mlifungua kitambo ndiyo unaniambia?"

"Saa hii, Mama. Nimetoka tu hapo."

"Asante baba. Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Anateremsha karai kutoka motoni, kwa sababu mafuta ya moto hayaachwi na mtu yeyote mwenye akili. Anafuta mikono. Anachukua leso, anaifunga kiunoni kwa nguvu, na kuanza kupanda njia inayokwenda Kilima cha Tangi. Mteja aliyekuwa ameshatoa pesa anamwita nyuma, "Mama, na samaki yangu?"

"Kama unaitaka, nifuate!"

Ukitazama juu huoni wingu. Watu wananyoa nywele kwenye vibanda, wengine wanaanika mahindi. Lakini huko juu mtoni, upande wa bwawa la umeme, mvua imenyesha usiku kucha, na bwawa likijaa hufunguliwa. Kutoka hapo mpaka Kona Mbuta maji huchukua kama saa moja, na mto ukiwa umeshanona hata hiyo saa haifiki.

Kazi ya Risper, ambayo hakuna ofisi iliyomwajiri kuifanya, ni kuwaondoa watu bondeni kabla ya maji hayo. Hana gari. Hana kipaza sauti. Ana nduru.

Na asubuhi hii, akipanda huku leso imembana, kuna swali moja linalomkaa kifuani. Mbinu yake haijawahi kujaribiwa na maji ya kweli. Je, watu wakimsikia watapanda kwake, au watateremka mtoni kama walivyofanya mwaka juzi?

Risper ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Kisegi, upande wa Suba Kusini, Homa Bay, na ndiyo sababu wazee wa hapa wanamwita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi. Vijana wanamwita Mama Tony, kwa jina la kifungua mimba wake anayeuza mitumba Ndhiwa. Aliolewa Migori akiwa msichana, na hakuchukua muda kujulikana. Kwenye matanga ya kwanza aliyohudhuria kama bibi arusi mpya, alipiga nduru iliyosikika ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo wakaja na maji na kuni kabla hawajatumiwa mtu.

"Baba mkwe wangu alisema, huyu mahari yake imerudi," anacheka.

Ili kuelewa yaliyofuata ni lazima mtu aijue nduru. Hapa kwetu, mama akipiga nduru, haulizi mtu kama ana nafasi. Unaacha ulichoshika, unakimbilia pale sauti inapotoka. Pengine ni kifo, pengine ni mwizi, pengine ni nyumba inaungua. Utajulia hukohuko. Wanawake wengine wanaipokea na kuipeleka mbele, na kwa muda mfupi kijiji kizima kiko kwa aliyelia. Iko hivyo kwa Wajaluo, na Wakisii na Wakuria wanaoishi hapa hawahitaji kutafsiriwa.

Wakubwa wa serikali walioleta king'ora cha kuonya mafuriko miaka mitatu iliyopita hawakuuliza habari hizi. Walikuja na hema, viti na soda za kuwatosha wao wenyewe. King'ora kilifungwa kwenye mlingoti kando ya daraja la miguu, pahali pa chini kuliko pote mtaani, kwa sababu hapo ndipo picha ilikuwa inatoka vizuri, mto ukiwa nyuma ya mheshimiwa.

Na kinatumia stima. Migori hii hata kuku wanajua kwamba mvua ikianza kushika, stima inaenda. Lakini mtu aliyesoma alikaa mahali, akalipwa, akaamua kwamba kitu cha kuwaokoa watu siku ya mvua kitumie stima.

Basi Aprili ya mwaka juzi, maji yalipokuja, king'ora kilikaa kimya kama jiwe. Mvua ilikuwa inanyesha, stima ilikuwa imeenda, na bwawani walikuwa wamefungua tangu asubuhi. Risper alikuwa kwenye kibanda chake hatua chache kutoka majini. Aliona benchi la jirani linaondoka peke yake. Alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa hapa angefanya. Alipiga nduru.

"Watu wakaja," anasema. "Wakaja wote! Mmoja na panga, mwingine na kamba, mmoja na blanketi ya kufunikia maiti. Mimi ninalia watu watoke kwa mto, na wao wanateremka kwa mto kwa sababu ninalia. Kadiri nilivyozidisha, ndivyo walivyozidi kuja."

Hakufa mtu siku hiyo, na hakuna ofisi inayoweza kujisifia. Mmoja wa waliokuja mbio ni Motari, fundi wa pikipiki mwenye karakana kona ya juu. Maji yalimchota kutoka kwenye daraja la miguu yakampeleka kwenye shamba la miwa la mtu huko chini, na huko miwa ikamshika. Alitoka na mguu uliovunjika, na mpaka leo anachechemea.

Motari hana uchungu na Risper hata kidogo. Uchungu wake uko kwa mkutano ulioitwa baadaye.

"Wakatuambia sisi hatuna elimu ya majanga," anasema akipangusa spana. "Wakatuletea karatasi za kubandika ukutani: mkisikia king'ora, kimbieni mbali nacho. Sasa nikuulize wewe. Mtu analia na wewe unakimbia mbali? Hapa ukifanya hivyo, tutakukamata tukuulize ulimfanyia nini."

Karatasi zilikaa ukutani mpaka mbuzi wakazila. Watu walipouliza habari ya king'ora kutumia betri, walijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Aliyewahi kungojea gari la hospitali mpaka mgonjwa akakata roho mikononi mwake anajua neno hilo lina uzito gani.

Dawa ilitoka kwa mzaha. Motari alikuwa amelala karakanani, mguu umefungwa plasta, na Risper alikuwa amemletea supu. Karakana ilikuwa imejaa watu wa kupiga domo, kama kawaida.

"Mama Tony," Motari akamwambia mbele ya wote, "siku ingine ukitaka kulia, enda ulilie huko kwa Tangi. Kama ni kufa, tufe tukiwa tumepanda."

Karakana nzima ikacheka. Risper alicheka pia, kisha akatoka nje kukitazama kilima.

"Niliona kumbe huyu ameongea," anasema. "Watu hawana makosa. Miguu yao inajua kitu kimoja, kufuata kilio. Basi kilio kihame."

Kilima cha Tangi kinaitwa hivyo kwa sababu ya tangi la chuma ambalo serikali fulani ililisimamisha zamani na ambalo halijawahi kuona maji ya mfereji hata siku moja. Lakini liko juu, pana uwanja, na sauti ikitoka hapo inaenea bonde lote. Risper alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza: mkisikia nduru yangu kutoka kwa Tangi, msiulize, njooni.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango, Mellen Nyasuguta, mama aliyepita miaka sabini, muuzaji wa ndizi za kupika, Msabato wa damu. Risper alipoleta wazo la kufanya mazoezi, kwamba apige nduru mara moja kwa mwezi watu wazoee, Mellen aliweka chini kisu chake.

"Nduru si firimbi ya refa, Risper. Ukiipiga bure, kifo kinakuja kuuliza nani aliniita. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia tunafanya mazoezi, Mama."

"Ndiyo, na yeye atafanya yake."

Wengi walikuwa upande wa Mellen, na kusema kweli hata Risper mwenyewe roho ilikuwa imesita. Kwa hiyo likawa jambo la ajabu: ishara ya hatari ambayo haiwezi kufanyiwa mazoezi. Walikubaliana kwamba siku za mazoezi watagonga tangi kwa jiwe. Kwa vile ni tupu, linalia kama ngoma ya kanisa la Roho. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, tangi linagongwa, watu wanapanda, Risper anauza mgongo wazi kwa nusu bei, na wanateremka wameshiba.

Lakini kila mtu alijua kugonga tangi si nduru. Tangi likilia watu wanamaliza kwanza chai. Wengine wanauliza kama samaki zimeiva ndiyo waanze kupanda.

Na kulikuwa na pengo lingine. Mazoezi yalikoma ukingoni, upande huu wa mto. Risper alipoomba kwenda kuongea na watu wa ng'ambo, ofisa mmoja alimwambia ng'ambo ni wadi nyingine, wangoje bajeti yao. Mto ukipita hapo katikati haujui wadi wala bajeti. Lakini Risper ni mtu wa adabu. Akangoja.

Kijana aliyempigia simu Jumamosi hiyo tutamwita Bichage, ingawa si jina lake, kwa sababu alichofanya kinaweza kumfukuzisha kazi. Ni kibarua kwenye milango ya bwawa. Alikuwa akila kwa Risper kila akiteremka mjini kwenda kwao, wakazoeana, akamwambia: Mama, nikifungua nitakuambia. Kwa utaratibu, bwawa linawaambia wakubwa wao, wakubwa wanawaambia wakubwa wengine, hao wanaiambia kaunti, kaunti wadi, wadi chifu, chifu wananchi. Ujumbe wa Jumamosi hiyo ulimfikia chifu saa tisa alasiri. Tutaona wananchi walikuwa wanafanya nini saa hiyo.

Risper alifika kwa Tangi akihema. Aliweka mikono kichwani, kama inavyowekwa, akafungua kinywa.

Wa kwanza kupanda alikuwa yule mteja wa samaki, na huyo huenda asihesabiwe. Baada yake hakuonekana mtu, kwa muda ambao Risper anasema ulikuwa mrefu kuliko ndoa yake. Jua linawaka, hakuna wingu, nani ataamini habari za mafuriko?

Lakini hakuwa amesema mafuriko. Alikuwa analia tu.

"Nikaona bonde limetikisika," anasema. "Kinyozi ametoka na mkasi. Mteja wake nusu kichwa. Wamama na watoto mgongoni. Mtu na mbuzi. Mtu na televisheni, sijui huyo alifikiri ni matanga ya namna gani."

Walipanda mbio, nyuso zimekunjamana, tayari kwa msiba. Motari alifika na pikipiki ya mteja akiwa amembeba mzee mmoja asiyeweza kutembea.

"Nani amekufa?" mzee akauliza kabla hajateremka.

"Bado," Risper akamjibu. "Keti hapo."

Bonde lilikuwa linakaribia kuwa tupu. Risper akaanza kuhesabu vichwa. Ndipo Motari akamgusa bega. "Mama Tony. Angalia wale."

Ng'ambo ya mto, watu walikuwa wanateremka.

Walikuwa wengi. Walikuwa wanatoka kwenye nyumba zao za juu, mahali pa salama kabisa, wanakuja mbio kwenye njia inayoelekea daraja la miguu. Wengine walikuwa na majembe, wakidhani ni kaburi la kuchimbwa. Walikuwa wamesikia nduru ya Risper kama kila mtu, na walikuwa wanakuja kumsaidia. Njia ya kumfikia ilipita katikati ya mto.

"Tulipiga kelele, rudini! Rudini!" anasema Motari. "Lakini kutoka huko wanasikia tu makelele ya watu mlimani. Tukapunga mikono. Sasa mtu akikupungia mikono kwa matanga si anakuita uharakishe? Wakaongeza mbio."

Risper akanyamaza, akidhani wakikosa sauti watasimama. Ikawa mbaya zaidi. Nduru ikikatika ghafla, kila mtu anajua maana yake: aliyekuwa anapigania roho ameshindwa. Waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia.

Motari aliwasha pikipiki akitaka kuteremka kuwazuia kwenye daraja. Risper alimshika shati. Mto ulikuwa umeshabadilika rangi.

Juu ng'ambo, kwenye mwinuko unaotazamana na Tangi, kuna kanisa la Wasabato. Ilikuwa saa ya somo, na Mellen Nyasuguta alikuwa benchi la pili, na gauni lake jeupe.

"Nilisikia kupitia dirishani," anasema Mellen, ambaye alikubali kuongea nasi huku akimenya ndizi, maana kazi haisimami kwa sababu ya magazeti. "Nikajua ni Risper. Hiyo sauti imenisumbua miaka mingi. Nikasema, leo si mazoezi. Nikatoka nje."

Kutoka mlangoni mwa kanisa aliona yote: mlima wa Tangi umejaa watu, bonde la kwao tupu, na majirani wa ng'ambo wakimiminika kuelekea maji. Hakumwuliza mchungaji. Aliweka mikono kichwani na kupiga nduru.

Kanisa lake halipendi mambo hayo. Wanafundishwa kufiwa kwa utulivu na tumaini. Mzee wa kanisa alitoka mbio nyuma yake. "Mama Mellen! Siku ya Sabato?"

"Maji yamekuja Sabato, si mimi," akamwambia, na akavuta pumzi nyingine.

Wamama wawili wa kwaya waliotoka nyuma yake walitazama bondeni, wakaelewa, wakaipokea.

Gisiri, muuza makaa wa ng'ambo, alikuwa mbele ya wote. "Nilikuwa nimeshakanyaga mbao za daraja," anasema. "Mkono uko kwa waya. Nikasikia nduru nyuma yangu, tena kwetu juu. Nikasimama. Mbele kuna kifo, nyuma kuna kifo. Watu wakanigonga mgongoni, wananiuliza, twende wapi? Nikasema, tuanze na cha kwetu. Cha ng'ambo wako na watu wao."

Wakageuka. Wakapanda mlima wao wakikimbia, na majembe yao, mpaka kanisani, ambako walimkuta bibi kizee wa gauni jeupe na kwaya inayolia, na hakuna maiti.

Walikuwa bado wanauliza maswali wakati maji yalipopita chini. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mabua ya mahindi, mitungi, mlango wa choo na kuku juu ya bati. Yalichukua daraja la miguu kwa kulinyanyua tu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Yalichukua vibanda, kibanda cha Risper kikiwa cha pili. Yalichukua pia ule mlingoti wa wakubwa na king'ora chake juu. Kilikwenda na maji bila kulia hata mara moja.

Pande zote mbili za mto hakuna aliyepotea. Saa tisa, simu ya chifu ilipoita kumjulisha kwamba kuna uwezekano wa maji kuongezeka, wananchi wake walikuwa wanachota matope majumbani kwa beleshi.

Tulimkuta Risper siku ya nne, akikaanga. Amehamia chini kidogo ya Tangi, kwenye kivuli cha hilo chuma tupu, kwa karai la kuazima. Siku nzuri humpa faida ya kama shilingi mia nane, na siku tatu za matope hazikumpa kitu. Lakini wateja walikuwa wamejaa, nusu yao wakiwa wa ng'ambo, ambao sasa wanazunguka mpaka daraja kubwa la mjini ili waje wamtanie.

"Nyar Kisegi, nilikuja na jembe langu, kaburi iko wapi?" mmoja akamwuliza.

"Ongeza kumi, nikuchimbie mwenyewe."

Wakubwa wamekuja pia. Walipiga picha na tangi. Mmoja alisema mpango huu ni mfano mzuri wa mradi wa jamii, na mwingine alitaka kujua ni nani alitoa kibali cha kupiga kelele. Walipoulizwa nani atawajengea watu daraja, walitazama saa. Risper aliwakaangia mbuta mzima, minofu na yote. Anasema mgeni ni mgeni. Angekuwa mtu mwingine wangekula moshi.

Mwanawe Tony anamwambia ahame, aende Ndhiwa. Huko, anamwambia, hakuna mto wa mtu wa kufungua na kufunga. Risper hataki kusikia.

"Ndhiwa samaki inafika imelala. Na hapa watu wananipenda. Nikilia wanakuja. Kuna watu wanalia mpaka wanakufa na hakuna anayefungua mlango. Mimi nikilia, hata kinyozi anaacha kichwa nusu. Mtu akiwa na hiyo, anataka nini tena?"

Kwa sasa mambo ya ng'ambo yametengenezwa bila bajeti. Siku iliyofuata mafuriko, Jumapili, Risper alizunguka na daraja kubwa akaenda kukutana na wanawake wa ng'ambo kwenye uwanja wa kanisa, na mzee wa kanisa akawapa benchi. Walikubaliana kwamba nduru ya Tangi ikisikika, wa ng'ambo wanaipokea hukohuko kwao juu, na kila upande unafuata ya kwake. Siku za Sabato ni zamu ya Mellen. Siku nyingine wale wawili wa kwaya.

Mazoezi je? Mellen alitazama ndizi zake. "Mimi sitafanya mazoezi. Niliwaambia. Mliona wenyewe kilichokuja."

"Mama, ni bwawa lilikuja," Risper akamwambia.

"Mnalijua nyinyi."

Sasa Risper anataka kwenda chini zaidi. Maji yakiacha Kona Mbuta hayaishi. Yanaendelea kuelekea tambarare, na huko chini upande wa Osiri kuna wanawake wanaosaga na kuosha mawe ya dhahabu karibu na vijito, na waume zao wako ndani ya mashimo ambako hata radi haisikiki. Hakuna anayewapigia simu. Anajua mama mmoja huko, waliimba pamoja Kisegi wakiwa wasichana, na ameshamtumia ujumbe kwamba anakuja Alhamisi baada ya kuuza samaki za asubuhi.

Tulimwuliza atawafundisha nini.

Risper aligeuza mgongo wazi kwanza, upande uliokuwa umeiva. "Kufundisha hapana. Wale wa hema walikuja kufundisha," alisema. "Mimi nitakaa na wao chini, nisage hata jiwe moja. Halafu niwaulize tu: nyinyi hapa, mtu akilia, huwa mnakimbilia wapi?"